Je, Pango la Shimoni Lafaa Kutembelewa?

Njia kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga hupita kwa sehemu kubwa katika nchi ya Wadigo. Wasafiri wengi huishia Diani, penye mchanga mweupe. Wengine huendelea, wakapita Gazi na Msambweni, hata wakafikia njia inayokata kushoto, wakaifuata mpaka ukingo wa bahari. Hapo ndipo kilipo kijiji cha Shimoni, kiasi cha kilomita 75 kusini ya Mombasa, nacho chakabiliana na kisiwa cha Wasini. Jina la kijiji latokana na shimo, yaani pango lililomo katika mwamba wa matumbawe. Sifa ya pango hilo imeenea mbali, maana husemwa kwamba ndani yake watumwa walifungiwa wakingojea vyombo vya kuwachukua.

Mahali penye sifa huvuta watu. Walakini sifa ni kitu kimoja, na faida ya safari ni kitu kingine. Mtu mwenye fedha nyingi aweza kwenda popote, na asipopendezwa atakwenda pengine kesho. Mtu wa kawaida hana budi kupima kwanza.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya kijijini karibu na Msambweni. Wazazi wake wa shule wamechanga fedha za safari moja tu kwa mwaka, naye ataka kuwapeleka watoto Shimoni. Katika mkutano mzazi wa kwanza asema, "Bwana mwalimu, wapeleke, wageni watoka Ulaya kuja kulitazama, sembuse sisi tulio karibu?" Wa pili asema, "Kwenda kutazama shimo lenye popo ni kutupa fedha. Afadhali vitabu." Wa tatu, mzee wa makamo, angoja wenzake wanyamaze, kisha asema, "Habari za utumwa ziacheni zilale. Mkizifukua, watoto watarudi nyumbani na kuulizana nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa, na sisi twaishi pamoja."

Maneno ya wote watatu yana maana, wala hayawezi kujibiwa kwa kusema tu kwamba mahali hapo ni maarufu. Yafaa mwalimu ajiulize maswali manne, ambayo mtu yeyote aweza kuyatumia kabla ya kulipa nauli ya kwenda kuona jambo la kale.

KUNA NINI CHA KUONEKANA?

Swali la kwanza ni jepesi: macho yataona nini? Katika pwani ya kusini kuna mahali patatu panapotajwa sana, na kila mahali huonyesha kitu cha namna yake.

Pa kwanza ni Msikiti wa Kongo, ulioko Diani, karibu na mahali ambapo mto Mwachema huingia baharini. Huu ni msikiti wa zamani uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, nao umezungukwa na mibuyu mikubwa. Mara nyingi husemwa kuwa ni wa karne ya 14 au ya 15. Majengo mengi ya kale ya pwani yamebaki magofu, lakini katika msikiti huu watu wangali wakisali. Mwenye kuutazama aona kazi ya fundi kwa macho yake, wala hahitaji kuambiwa mengi.

Pa pili ni Kaya Kinondo, kusini kidogo ya Diani. Kaya ni makao ya kale ya Wamijikenda, yaliyozungukwa na msitu ili yawe ngome. Baadaye watu walihama, misitu ikabaki chini ya ulinzi wa wazee kama mahali patakatifu. Mwaka 2008 shirika la Umoja wa Mataifa liitwalo UNESCO liliziandika baadhi ya kaya hizo, Kinondo ikiwa mojawapo, katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu atazamiaye kuona majumba huko atasikitika. Kuna miti, mizizi iliyokumbatia mawe, kivuli na ukimya. Utajiri wa mahali hapo umo katika miti yenyewe na katika maelezo ya mzee amwongozaye mgeni.

Pa tatu ni pango la Shimoni. Pwani hii imesimama juu ya matumbawe yaliyoota chini ya bahari yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati maji ya bahari yalipokuwa juu kuliko sasa. Bahari iliposhuka, mwamba ulibaki nchi kavu, na maji ya mvua yakaanza kuula kidogo kidogo. Kwa njia hiyo mapango yalitokea. Hayakuchimbwa na mtu. Mgeni ashukaye Shimoni aona mwamba uliopinda juu ya kichwa chake, mawe yaning'iniayo kama meno, popo, na vipande vya chuma ambavyo mwongozi humwonyesha. Kijijini pia kuna mabaki ya majengo ya utawala wa kwanza wa Waingereza katika sehemu hizo.

Basi kwa kipimo cha macho peke yake mzazi wa pili hakukosea sana. Mtu aendaye Shimoni kwa kutaka kuona jengo la fahari, mfano wa ile ngome ya Mombasa iitwayo Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, atarudi akinung'unika. Lakini macho ni kipimo kimoja tu.

LIPI LIJULIKANALO, NA LIPI LISEMWALO?

Swali la pili ni gumu zaidi. Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Methali hiyo yafaa katika mambo mengi, lakini katika habari za kale haitoshi, maana jambo likirudiwa na watu mia huweza kuwa lilitoka katika kinywa kimoja.

Msikiti wa Kongo watoa mfano mzuri. Watu wengine huuita Msikiti wa Waajemi, na asikiaye jina hilo hudhani kwamba watu walitoka Uajemi, wakaujenga, wakaondoka. Jina si ushahidi. Misikiti ya namna hii ilijengwa na watu wa pwani wenyewe, kwa mawe ya pwani. Wala haina maana kwamba Waajemi hawakufika. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, miongoni mwao Mtwapa, Manda na Kilwa. Waliona kwamba wengi wa watu hao walikuwa na nasaba mbili: ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, na ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, upande wa akina baba, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Basi masimulizi ya wazee kwamba wahenga wao walitoka ng'ambo yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini hayakuwa ukweli wote.

Kwa Shimoni yafaa kutenga mambo katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni mambo yaliyoandikwa wakati yalipotokea. Biashara ya watumwa katika pwani hii si hadithi. Mwezi wa Aprili, mwaka 1872, tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na kisiwa cha Pemba, ambacho hakikudhurika hivyo, kikawa ndicho chenye karafuu nyingi na haja kubwa ya watu wa kufanya kazi mashambani. Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukataza kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Matokeo yake hayakuwa kama ilivyotarajiwa. Wafanyi biashara waliiacha bahari wakashika njia ya nchi kavu: watumwa walitembezwa kwa miguu toka Kilwa kwenda kaskazini kwa kufuata pwani, na wengine wakavushwa kwa siri kwenda Pemba mahali ambapo maji ni membamba. Mwaka 1876 Sultani alitoa amri nyingine kukataza misafara hiyo ya nchi kavu. Hata hivyo utumwa wenyewe haukufutwa siku ile. Unguja na Pemba hali ya utumwa iliondolewa katika sheria mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Fidia ililipwa kwa mabwana. Watumwa hawakulipwa kitu.

Fungu la pili ni habari ya pango lenyewe. Kwamba watu walifungiwa humo kwa minyororo ni habari inayotegemea zaidi masimulizi ya wenyeji kuliko hati za wakati ule. Wenyeji wenyewe wana masimulizi zaidi ya moja: pango husimuliwa pia kuwa mahali pa kujificha wakati wa hatari, na mahali pa kutambikia. Herman Kiriama, mtaalamu wa mambo ya kale wa Kenya, ameandika juu ya Shimoni na namna watu wanavyoukumbuka utumwa, na kazi ya namna hiyo yaonyesha kwamba kumbukumbu za kijiji hazitoki katika chungu kimoja. Wengine husema pia kwamba pango laenda bara maili nyingi chini ya ardhi. Jambo kama hilo lapasa kupimwa kwa kamba na taa, si kwa maneno.

Je, yawezekana kwamba watumwa walifichwa humo? Yawezekana sana. Shimoni iko katika pwani ile ile ambayo misafara ilipita baada ya 1873, Pemba si mbali kwa chombo, na pango ni maficho mazuri kwa mtu anayekwepa manuari za Waingereza. Lakini "yawezekana" na "ilikuwa" ni maneno mawili, na mwalimu mwema huwafundisha watoto tofauti yake. Kufanya hivyo hakupunguzi uchungu wa utumwa hata kidogo. Kinyume chake, mtu akizidisha chumvi katika jambo la kweli, huwapa wapinzani nafasi ya kulikana lote.

NI NANI MWENYE MAHALI?

Swali la tatu husahauliwa mara nyingi. Mahali pa kale pana wenyewe, na mgeni hana budi kujua ataingia nyumbani mwa nani.

Msikiti wa Kongo ni nyumba ya ibada. Mgeni huvaa mavazi ya heshima, huvua viatu, huomba ruhusa, wala hapiti mbele ya watu wanaosali kwa ajili ya kupiga picha. Kaya Kinondo imefunguliwa kwa wageni tangu mwaka 2001 kwa masharti ya wazee: mgeni hujifunga nguo nyeusi kiunoni, hufuatana na mwongozi, hapigi kelele, wala haondoki na kitu, hata jani moja. Masharti hayo ndiyo yaliyouhifadhi msitu. Katika pwani hiyo hiyo, ambako ardhi ya ufukoni imepanda bei sana kwa sababu ya mahoteli, kaya nyingine zimemegwa. Kinondo ingali imesimama kwa sababu wazee walisimama.

Pango la Shimoni nalo latunzwa na watu wa kijiji, na ada inayolipwa mlangoni husaidia mambo ya kijiji. Kwa hiyo mzazi asemaye kwamba fedha za safari zatupwa na afikiri tena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wenyeji nao wana wajibu. Mwongozi asimuliaye kila kundi habari mpya ili apate bakshishi huharibu mali ya wenzake, maana sifa ya uwongo haidumu. Mwongozi asemaye wazi, "Hili limeandikwa, na hili twaambiwa na wazee," huheshimiwa na kila msikilizaji.

MGENI ATARUDI NA NINI?

Swali la nne ndilo linalokata shauri. Safari yenye faida humrudisha mtu nyumbani akiwa na jambo ambalo hakuwa nalo, hata kama hakubeba kitu mkononi.

Hapa ndipo yanapopasa kujibiwa maneno ya yule mzee. Hofu yake si ya bure. Katika vijiji vya pwani wajukuu wa walionunua na wajukuu wa walionunuliwa huchota maji kisima kimoja, na wengi wameoana. Lakini kunyamaza hakukuzika jambo hilo. Watoto huweza kulisikia neno "mtumwa" kama tusi viwanjani kabla ya kulisikia kama somo darasani. Afadhali walijue kwa mwalimu.

Tena somo lenyewe, likifundishwa sawasawa, halimwachi mtu mmoja kubeba lawama ya wote. Biashara ile iliwashirikisha wengi: waliovamia vijiji bara, waliosafirisha, waliokopesha fedha, wenye mashamba pwani na visiwani, na wanunuzi wa karafuu na pembe katika nchi za mbali. Wala si kila mtumwa alitoka mbali. Wakati wa njaa ya mwaka 1884, ambayo Wamijikenda huikumbuka kwa jina la Mwakisenge, watu wenye njaa waliwaweka watoto na jamaa zao rahani kwa watu wa pwani ili wapate chakula, na baadhi ya watoto hao hawakurudi. Yule ambaye mtu amdhani kuwa mtumwa mgeni huenda ni ndugu wa babu yake mwenyewe. Mtoto aelewaye hayo hatamtukana mwenzake. Atajua kwamba njaa, tamaa na nguvu bila sheria zaweza kumfanya mtu yeyote kuwa bidhaa.

Hata hivyo lazima pawe na mpaka. Mwalimu asimwulize mtoto yeyote asili ya jamaa yake, wala asiruhusu watoto waulizane pangoni. Mambo ya nyumba ni ya nyumba.

SHAURI

Baada ya kupima, jibu ni hili. Mtu atakaye kuona kazi ya mikono ya wahenga, na aanze na Msikiti wa Kongo. Atakaye kujua jinsi wazee walivyolinda msitu kwa heshima bila bunduki wala ukuta, na aende Kinondo. Pango la Shimoni lafaa kutembelewa na yule aliye tayari kuuliza. Aendaye kwa kushangaa tu ataona giza na popo. Aendaye na maswali ataona jinsi habari za kale zinavyotafutwa, na jinsi zilivyo ngumu kupatikana. Mahali pasipo na hakika yote huweza kufundisha zaidi kuliko mahali ambapo kila jambo limekwisha kuandikwa kwenye kibao.

Kwa mwalimu wa Msambweni yafaa safari ifanyike hivi. Wiki moja kabla, watoto wachore ramani ya pwani toka Kilwa hata Mombasa, na kuonyesha Pemba na Shimoni. Waandike miaka minne: 1873, 1876, 1897 na 1907. Siku ya safari kila mmoja achukue daftari, aigawe karatasi mafungu mawili, juu ya moja aandike "Niliyoyaona" na juu ya la pili "Niliyoambiwa." Wakifika, wamwamkie mwongozi kwa adabu, wamsikilize mpaka amalize, kisha mmoja wao amwulize, "Habari hii, mzee, uliipata kwa nani?" Swali hilo moja lina thamani ya nauli yote. Wakirudi shuleni, wasome mafungu yote mawili kwa sauti, na darasa zima liamue lipi lihamishwe na lipi libaki mahali pake.

Na kama fedha hazikutosha mwaka huu, hakuna aibu kungoja. Kila kijiji kina kisima cha zamani, kaburi lenye nakshi, mbuyu wenye jina, au mzee akumbukaye. Watoto waliozoea kuuliza maswali manne chini ya mbuyu wa kwao watafaidi mara mbili siku watakaposhuka ngazi za Shimoni.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA KUSOMA

1. Taja mahali pa kale palipo karibu na kwenu. Ni mambo gani juu yake yameandikwa, na yapi husemwa tu?

2. Kwa nini mkataba wa mwaka 1873 haukukomesha biashara ya watumwa mara moja?

3. Yule mzee alisema habari za utumwa ziachwe zilale. Toeni sababu moja ya kukubaliana naye na moja ya kumpinga.

4. Mwongozi akiwaambia wageni jambo ambalo hana hakika nalo, ni nani apatae hasara?